Mawe Yaliyoanikwa Juu ya Hita

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe sita Desemba mwaka 2004, Dahir Guled Warsame alifungua stoo ya vipimo, akashika kipimo namba saba na kukikuta kina joto. Hakikuwa na betri ndani. Yeye mwenyewe alikuwa amezitoa Ijumaa na kuzifungia kwenye droo. Hita ya ukutani ilikuwa bado haijawashwa, na vipimo vingine kumi na kimoja kwenye rafu ile vilikuwa baridi kama chuma cha nje.

Alikirudisha mahali pake, akajifuta kiganja kwenye suruali.

Kampuni aliyofanyia kazi ilikuwa Great Barr, mtaa wa Birmingham huko Uingereza, karibu na barabara kuu ya M6, na kazi yake ilikuwa kuosha matangi ya viwanda vingine. Mtu hateremki ndani ya tangi bila kipimo cha hewa. Ni kifaa cha kushika mkononi, kikubwa kama redio ndogo, ambacho hulia mara moja kila nusu dakika kuonyesha kwamba kiko macho, na hupiga kelele hewa ikiwa mbaya. Betri zikiisha, hunyamaza. Dahir, mzaliwa wa Garissa, aliyekuwa karani katika ofisi ya wilaya kule kabla ya kuja Birmingham, ndiye aliyepima betri hizo kila asubuhi na kutia sahihi kwenye kadi ya kila kipimo.

Mwezi wa Oktoba alisahau kuagiza betri mpya. Sanduku lilipokwisha aliona haya kumwambia meneja, maana kwa miaka minne alikuwa akisifiwa kwa utaratibu wake. Basi akafanya kama baba yake alivyofanya kwao na mawe yaliyochoka, yaani betri za redio, ambayo aliyaanika juani juu ya bati ili jioni wasikie taarifa ya habari. Birmingham haikuwa na jua mwezi ule. Dahir aliyapanga mawe ya vipimo juu ya hita. Yakapata moto, akayapima, sindano ya mita ikapanda mpaka inapotakiwa, akaandika "nzuri" na kutia sahihi. Alifanya hivyo siku nane, na mambo yakaenda.

Siku ya tisa kipimo namba saba kilichukuliwa na Chhotubhai Ramji Mistry, mtu wa Kisumu, rafiki yake wa chai, ambaye alizungumza naye Kiswahili huku wafanyakazi wengine wakidhani wanasengenywa. Chhotubhai aliteremka tangini. Mwenzake aliyesimama juu hakusikia kipimo kikinyamaza kwa sababu ya kelele za pampu. Walipomtoa alikuwa amekwisha kufa.

Kipimo kilirudishwa stoo kabla wakaguzi hawajafika. Dahir alijifungia, akatoa mawe yale, akatia mazima kutoka kwenye tochi yake. Wakaguzi walikiwasha, kikafanya kazi. Wakaandika kwamba marehemu alisahau kukiwasha. Walikuwa wamemuuliza Dahir kama hilo linawezekana, naye akasema linawezekana. Baada ya wiki tano walikirudisha kipimo, kikakaa tena kwenye rafu.

Jumanne kililia. Kililia mara moja, kidogo, kama kifaranga, na betri zake ziko drooni. Dahir alitazama saa yake. Nusu dakika ikapita, kikalia tena.

Jumatano alikuta kadi imejazwa. Ilikuwa na tarehe ya siku ile, neno "nzuri," na sahihi yake yeye, pamoja na mkia wa herufi ya mwisho aliofundishwa na mwalimu wake wa darasa la tatu na ambao hakupata kumwona mtu mwingine akiuandika. Alipoigusa, wino ulimchafua kidole. Harufu nayo ilianza siku hiyo, harufu ya vumbi linaloungua kwenye hita, na chini yake uchachu wa tangi lililofungwa muda mrefu.

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, mlango ulijifunga nyuma yake, na kioo cha kipimo namba saba kikawaka chenyewe na kuonyesha kiasi cha hewa njema, yaani oksijeni, ishirini na moja kwa mia, kisha ishirini, kisha kumi na nane, na kila tarakimu iliposhuka Dahir aliona kifua chake kinabana zaidi, akauvuta mlango na mlango haukufunguka, akagonga dirisha ambalo nje yake watu walipita na vikombe vyao bila kugeuka, kumi na tano, kumi na mbili, na harufu ile ikamjaa kinywani kama kitambaa, na mtu aliyekuwa nyuma yake, ambaye hakuthubutu kumtazama, akawa anahema sikioni mwake, pumzi fupi fupi za mtu anayetafuta ngazi gizani, mpaka akaanguka juu ya sanduku tupu. Na mlango ulipofunguliwa, aliyeufungua alikuwa meneja, akamuuliza kwa nini amekaa chini.

Jioni, nyumbani kwake Sparkbrook, mkewe Fadumo alisimama ukumbini akisikiliza.

"Dahir, koti lako linalia."

"Halilii."

"Nina masikio. Kuna nini mfukoni?"

Kilikuwa kipimo namba saba, ambacho alikuwa amekifungia kabatini kwa ufunguo. Fadumo hakukigusa. Alishusha sauti ili watoto wasisikie.

"Umefanya nini?"

"Nimetoka kazini, Fadumo. Nimechoka."

"Sikukuuliza umetoka wapi. Nakuuliza umefanya nini."

Dahir alikirudisha kipimo mfukoni. Jumamosi adhuhuri Fadumo alimpeleka kwa Mbarouk Faki Hamad, Mpemba wa Wete, dereva wa basi mstaafu aliyekaa juu ya duka la vitambaa Ladypool Road na aliyejulikana kwa kutoa majini bila kelele. Dahir alipoketi aliinua macho, akaona king'ora cha moshi kinaning'inia wazi darini.

"Nimekitoa betri," Mbarouk alisema. "King'ora na ubani havipatani, yakhe."

"Utairudisha?"

"Lo! Umeletwa hapa na jini, unaniuliza betri?" Mbarouk alicheka peke yake.

Akaweka chetezo sakafuni, akatia ubani na udi, akakiweka kipimo katikati na kuanza kusoma. Moshi ulipoizunguka miguu ya Dahir, kichwa chake kiliinama, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa yake mwenyewe, ila haikuwa na haya.

"Nani wewe?" Mbarouk aliuliza.

"Sina jina. Nina sahihi yake."

"Umemwingilia vipi?"

"Mimi hukaa ndani ya vitu vilivyokwisha. Havina joto, nami hulala. Huyu akaniamsha kwa moto, akaandika kwamba mimi ni mzima, akampa mtu anichukue."

"Wataka nini? Ng'ombe? Kitambaa?"

"Sitaki kitu. Nilipo pananifaa."

"Nakuuliza, utatoka lini?"

Kipimo kililia mara tatu kabla sauti haijajibu.

"Siku atakaponisema mbele ya mjane. Nusu haitoshi."

Dahir alipozinduka alimwona Fadumo amejifunika uso kwa ncha ya mtandio.

"Kweli?" mkewe alinong'ona.

Dahir aliitikia kwa kichwa.

"Nimepika wali wa matanga, nikakupa umpelekee Raksha, mjane wa rafiki yako. Ukaupeleka. Ukakaa, ukala naye." Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea mbele yake.

Jumapili alasiri Mbarouk alifuatana na Dahir mpaka Acocks Green, mwenyewe amekitia kipimo mfukoni mwa koti lake. Raksha Mistry aliwakaribisha kwa Kiswahili cha Kisumu, akawaletea chai ya maziwa. Picha ya marehemu ilikuwa kwenye kabati, imegeuzwa uso ukutani, bila shada.

"Mimi ndiye nimemgeuza," alisema alipoona Dahir anaitazama. "Siku arobaini namtukana. Mtu gani anasahau kuwasha kitu ya kumlinda? Hata hekaluni wananiuliza, mzee yako alikuwa na usingizi?"

Dahir alishika kikombe kwa mikono miwili. "Raksha, betri zilikuwa zimechoka. Nilizipasha moto juu ya hita zikapimika vizuri. Nilijua hazitadumu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akaishia hapo, akitumaini kwamba yametosha. Mfukoni mwa Mbarouk kipimo kikalia, kikalia tena bila kungoja nusu dakika, na uchachu ule ukapanda kutoka chini ya zulia, ukaenea sebuleni pole pole mpaka Raksha akaziba pua kwa ncha ya sari, macho yamemtoka.

"Hiyo ni harufu ya nguo zake," alisema. "Zile nilipewa hospitali."

"Alikiwasha," Dahir alisema. "Alikiwasha, kikawaka, kikamzimikia ndani. Mimi nilibadilisha mawe kabla wakaguzi hawajaja. Wakaniuliza kama labda alisahau, nikasema inawezekana. Hakusahau kitu, Raksha. Mumeo hakusahau kitu."

Mlio ulikoma. Mbarouk alikitoa kipimo, akakigusisha shavuni.

"Kimepoa," alisema taratibu. "Limetoka."

Hewa ya chumba ilikuwa safi, ina iliki tu ya chai. Raksha alikwenda kabatini, akaigeuza picha, akaifuta kioo kwa kiganja na kusema nayo maneno machache ya Kigujarati. Kisha akarudi kukaa.

"Kesho utaandika haya yote, umpe meneja. Jina lake kamili. Chhotubhai Ramji Mistry. Usikosee."

"Sitakosea."

"Na yako chini."

"Na langu chini."

Dahir alidhani Raksha amemaliza naye, akainuka.

"Ngoja. Siku hiyo akiteremka, wewe ulikuwa wapi?"

"Dirishani. Nilikuwa nakunywa chai."

"Alikuona?"

"Aliniona. Alinipungia mkono."

"Na wewe?"

Mbarouk alitazama pembeni. Dahir alikiweka kikombe mezani.

"Nilimpungia."

Raksha alikitwaa kikombe cha Dahir, kilichokuwa bado kimejaa, akaenda jikoni, nao wakasikia chai ikimwagwa.