Shairi la Kumwita Pacha

Haya yalimpata rafiki yangu, mshonaji nguo. Pacha wake wa kiume alikuwa amepotea, na yeye alishamtafuta mpaka miguu ikavimba. Siku washairi waliposoma kazi zao maktabani, naye alikwenda na shairi la kumwita arudi, labda angetokea mtu aliyemwona.

Katikati ya shairi umeme ukakatika. Akaendelea gizani kwa kukumbuka, kisha kilio kikamkatiza. Hapo, nyuma yake, sauti ya pacha wake ikaumalizia polepole ubeti ambao rafiki yangu hakuwahi kumsomea mtu.

“Pacha wangu! Uko wapi?” akalia, huku akipapasa.

“Dada, huko ni ukuta mtupu,” mkutubi akamwambia.

Taa zilipowaka, mkutubi mwenyewe aliugusa, akarudisha mkono upesi. Ukuta ulikuwa na joto, kama mgongo wa mtu.