Damu Aliyosingiziwa Colby

Kila siku baada ya masomo, wavulana wa timu ya mieleka ya shule ya Kessel, jimbo la Iowa, walikung'uta theluji viatuni, wakaingia ukumbini na kujipanga wawili wawili. Tobin Hoekstra, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa akifanya mazoezi na jirani yake, Colby Krogh, tangu wakiwa wadogo.

Majira yale ya baridi pua ya Tobin iliziba upande mmoja, ikawa inatoka damu ovyo, hata akiwa anakula. Akanyamaza. Mashindano ya jimbo yalikaribia, na anayetokwa damu bila sababu hupelekwa kwa daktari, si ulingoni.

Siku moja damu ilimwagika mkekani katikati ya mazoezi.

"Nani kakuumiza?" Kocha Brandt aliuliza.

Tobin alimtazama Colby. "Huyu. Kanipiga kichwa puani makusudi."

"Mimi? Wee Tobin, acha uongo! Hata sijakugusa!"

"Kimya!" kocha alifoka. "Toka, na usirudi msimu huu."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mashindano yalipokwisha tu, Tobin alitokwa damu mezani hadi akazirai. Hospitalini, Daktari Pruitt alimwingiza puani mrija mwembamba wenye kamera, akaona uvimbe.

"Si saratani," alimwambia mama yake. "Huwapata wavulana wa umri huu. Tutaziba mishipa inayoulisha, kisha tuutoe kwa kupitia tundu la pua, bila kumpasua uso. Damu ilikuwa ikitoka humo, bila hata kuguswa."

"Bila kuguswa?" Mama alimgeukia mwanawe. Tobin aliona aibu, akalia.

Upasuaji ulifaulu. Tobin alipopata nafuu, alimweleza kocha ukweli, kisha akaenda naye na Mama kumwomba Colby radhi.

"Pua yako imepona," Colby alisema mlangoni. "Msimu wangu je? Baba yangu mwenyewe aliniita mhuni. Nenda zako!" Akaufunga mlango.

"Mama, kakataa," Tobin alilia.

"Ana haki. Hata mimi nilimhukumu kabla ya kuuliza," kocha alisema kwa uchungu.

Mama hakumbembeleza. "Ungesema unaumwa, ungetibiwa mapema, na Colby angecheza. Ukaona afadhali umbebeshe mwenzako lawama. Kuomba radhi ni wajibu wako, Tobin. Kusamehe ni hiari yake. Kesho utasimama mbele ya shule nzima useme ulichofanya, akusamehe asikusamehe."