Sururu Nyuma ya Ukuta

Katika mji wa jangwani wa Coober Pedy, watu wengi huishi chini ya ardhi. Juu, jua huchoma. Ndani ya kilima, nyumba zilizochongwa mwambani ni tulivu na zenye giza. Ukizima taa saa sita mchana, huoni kiganja chako.

Zorka Vukadin aliishi katika nyumba kama hiyo na mumewe, Milutin, mchimbaji wa vito vya opali. Msimu wa baridi uliopita waliambiana kwamba ndoa imekwisha. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kila mmoja alijipikia chakula chake na kulala chumba chake. Zorka alikuta sufuria ingali na joto, lakini mpishi hakumwona. Alikuta nyayo za vumbi jekundu ukumbini, zikielekea gizani.

Hakuna aliyethubutu kuhama. Mjini watu walisema, "Anayetoka ndiye anayepoteza nyumba." Zorka aliamini. Binti yake, Vesna, alikuwa amejifungua mtoto katika jiji la mbali la Adelaide, na Zorka hakuwa amemwona mjukuu wake. Angewezaje kulala nje hata usiku mmoja?

Kisha sauti ikaanza. Ko. Ko. Ko. Ilikuwa sururu, nyuma ya ukuta wa kitanda chake.

"Shoga, unakonda," jirani yake Desanka alimwambia. "Huyo bwana anakuchimbia kaburi au sebule?"

"Usinitanie, Desanka. Kila siku sauti inasogea."

"Basi twende darasani. Kuna mwanasheria anafundisha sheria ya familia kwenye ukumbi wa mji. Chai ya bure, na biskuti ngumu kama mwamba wako."

Walikwenda. Mwanasheria aliitwa Philippa Tranter. Siku hiyo somo lilihusu ndoa, kutengana na talaka. Zorka alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua mkono.

"Mwalimu, mtu akienda kulala kwingine, si ameshaiacha nyumba?"

"La, mama. Huo ni uvumi wa baa. Kutoka nyumbani hakufuti haki yako. Mahakama hutazama kila mmoja alichangia nini, pamoja na kupika na kulea. Hutazama pia kila mmoja atahitaji nini baadaye. Na mwenye hofu ya kupigwa asingoje. Aondoke, atafute msaada."

"Hajanipiga. Lakini tungali nyumba moja. Tumeachana au hatujaachana?"

"Watu wanaweza kutengana chini ya paa moja. Mmoja anaamua, anamwambia mwenzake, na kweli wanaishi mbalimbali humo humo. Miezi kumi na miwili ikipita, wanaweza kuomba talaka. Ila ushahidi utatakiwa, hasa wa mtu anayewajua."

"Shahidi ni mimi!" alidakia Desanka. "Maiti makaburini wanaongea kuliko hawa wawili."

Darasa zima likacheka. Zorka hakucheka.

Alirudi nyumbani mchana ule ule, akaketi kitandani. Ko. Ko. Vumbi likadondoka juu ya mto. Ko. Ncha ya chuma ikatokeza ukutani, karibu na uso wake, kisha ikarudi taratibu. Likabaki tundu jeusi. Ndani ya tundu, kitu kilikuwa kikipumua.

"Milutin," aliita.

Pumzi ikakatika.

"Nakwenda Adelaide kumwona mtoto. Nitarudi. Nimesoma sheria. Nikitoka, haki yangu haipotei. Na wewe ukitoka, yako haipotei."

Kisha ikaja sauti, kavu kama bawaba yenye kutu.

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Unachimba nini humo, mtu wewe?"

"Mlango. Nitokee upande wa pili wa kilima, nisikupite ukumbini, na watu wasiseme nimehama." Akakohoa. "Nimepotea, Zorka. Gizani mwamba wote ni mmoja."

"Mwanamume mzima! Umekaribia kunitoboa kichwa!"

"Sikujua uko hapo."

"Mlango upo, Milutin. Ule wa mbele. Upitie."

Kesho yake Zorka alipanda basi. Alimpakata mjukuu wake, akalala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu sururu ilipoanza.

Aliporudi, nyumba ilikuwa kimya kabisa. Chumba cha Milutin kilikuwa kitupu. Akaenda mbio kwa Desanka.

"Yuko kwenye karavani, ile nyumba ya magurudumu ya marehemu mume wangu," alisema Desanka. "Anakoroma kama jenereta."

Zorka na Milutin walikaa mezani na msuluhishi, wakakubaliana bila matusi. Zorka alibaki na nyumba. Milutin alichukua mgodi na lori. Makubaliano yalithibitishwa na mahakama. Miezi ilipotimia, Desanka alitoa ushahidi wake, nao wakapata talaka. Mtu mzima hana udhuru wa kuishi kwa uvumi ilhali sheria ipo na walimu wake wapo.

Zorka aliliziba tundu kwa chokaa.

Mwaka uliofuata Vesna alikuja na mtoto. Alasiri moja Zorka alikuwa jikoni. Ko, ikasikika chumbani. Ko. Ko.

Alikwenda akinyata, akasukuma mlango.

Mjukuu alisimama kitandani, kijiko mkononi, akigonga lile doa jeupe. Alimtazama bibi yake, akacheka, kisha akaweka sikio ukutani.

Zorka naye akaweka lake.

Upande wa pili, hakuna aliyejibu.