Breki za Wesley Gisiri

Wanawake watatu waliokuwa wakipeleka nyanya soko la Homa Bay ndio waliomwona kwanza. Ilikuwa Jumamosi, saa moja na dakika arobaini asubuhi, kwenye kona ya pili ya mteremko unaotoka Rodi. Waliona gurudumu la baiskeli limening'inia kwenye ua wa katani, linazunguka bado. Halafu mmoja wao akaona kiatu. Halafu akaona mguu.

Kijana alikuwa amelala kifudifudi mtaroni, helmeti imepasuka vipande viwili. Lakini alikuwa anapumua.

Saa tatu na dakika tano simu ililia mjini Migori, katika banda la Bathsheba Nyasuguta, fundi wa baiskeli. Aliyepiga alijitambulisha kuwa Sajini Helen Robi, mpelelezi.

"Wewe ndiye fundi wa Wesley Gisiri?"

"Ndiyo, afande. Kuna nini?"

"Jana ulimfungia breki?"

"Nilimfungia. Kuna nini?"

"Ameanguka mteremko wa Rodi. Yuko hospitalini Homa Bay, hajitambui. Breki zake hazina raba hata moja. Mbele hakuna, nyuma hakuna. Usitoke Migori."

Bathsheba alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Vidole vyake vilikuwa vimepoa kama vimetolewa kisimani. Aliviangalia, akajaribu kuvikumbusha kila kitu vilichofanya jana.

Mambo yalianza Jumatano. Wesley alikuja na katalogi kwenye simu, mchangamfu kama mtu anayechagua nguo za harusi. Mbio za baiskeli za Homa Bay zilikuwa zimebaki wiki mbili. Alitaka magurudumu mepesi ya bei mbaya. Bathsheba akamwambia barabara za huku zitayapasua kabla ya Rongo, achukue ya alumini. Alitaka tairi nyembamba. Bathsheba akampa zenye upana kidogo, zishike lami ikinyesha. Walichagua usukani mpya, cheni, giya za kupandia milima, taa ndogo ya nyuma. Mwisho walifika kwenye breki. Wesley aliandika kwenye orodha: raba nyeusi, jozi mbili.

Ijumaa saa tisa alasiri, Bathsheba alipokwenda dukani kwa Issack Noor, raba nyeusi zilikuwa zimekwisha. "Dada, ziko hizi za njano tu," Issack alimwambia. "Ni nzuri hata kuliko zile." Akazinunua. Wesley alipokuja saa kumi na nusu kuchukua baiskeli alizicheka, akasema zinafanana na vipande vya muhogo wa kukaanga, kisha akaenda moja kwa moja kuifungia kwenye stoo ya klabu yao ya baiskeli. Wanachama wote kumi na mmoja walikuwa na ufunguo wa stoo hiyo.

Sasa, je, alizifunga vizuri? Raba ya breki hukaa ndani ya kishikizo cha chuma, nayo huzuiwa na skrubu ndogo kama punje ya mtama. Je, alizikaza skrubu zote nne? Alifumba macho. Alijiona akizikaza. Lakini kwa miaka kumi sasa hajaacha kukaza skrubu za namna hiyo, na hakuweza kuapa kwamba aliyemwona ni Bathsheba wa jana.

Saa nne asubuhi alisikia kwamba Issack amekamatwa kwa tuhuma ya kuuza vipuri bandia. Polisi walichukua simu yake na kufunga duka. Watu wawili waliokuwa wameacha baiskeli kwa Bathsheba walikuja kuzichukua bila kusema sababu. Wa tatu aliisema.

"Pole mama, lakini nina watoto."

Saa nane mchana alikuja Ombui, kocha na mwenyekiti wa klabu. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya upole. Alisema ndiyo kwanza anatoka Kehancha, alikokuwa tangu Alhamisi asubuhi, na habari hii imemkata maini.

"Sikulaumu, Bathsheba," alisema, akimwekea mkono begani. "Fundi ni binadamu. Lakini hizo raba za njano ni laini mno kwa mteremko kama ule. Ungeniuliza. Sasa ukiulizwa na polisi, usibishane nao sana. Sema ulikosea. Watu husamehe kosa."

Bathsheba aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anaogopa mno hata hakusikia vizuri. Ombui alipoondoka, alibaki na uzito wa ule mkono begani, na hakujua kwa nini alitaka kujiosha.

Jumapili saa nne aliitwa kituoni. Sajini Robi alikuwa mwanamke mwembamba asiye na haraka. Juu ya meza yake kulikuwa na baiskeli ya Wesley, imepindika katikati.

"Angalia," alisema. "Usiguse. Niambie unaona nini."

Bathsheba aliinama. Vishikizo vinne, vitupu. Skrubu zile ndogo hazikuwepo. Halafu akaona jambo lingine, akalitazama mara tatu kabla ya kuliamini.

"Afande, hivi vimegeuzwa."

"Eleza kama unamweleza mtoto."

"Kila kishikizo kimezibwa upande mmoja, upande wa pili uko wazi. Ulio wazi lazima uangalie nyuma. Ukishika breki, gurudumu linaisukuma raba mbele, inagonga pale palipozibwa, inatulia. Hapa palipo wazi panaangalia mbele. Ukishika breki kwa nguvu, gurudumu linaivuta raba nje, inaruka."

"Na kabla ya hapo? Alitoka Migori saa kumi na moja na nusu alfajiri kufanya mazoezi ya mbio. Amepita milima yote ile."

"Raba mpya zinabana, mpaka uzisukume kwa koleo. Ukigusa breki kidogo zinakaa. Kule Rodi ndiko mtu hushika kwa nguvu zake zote."

Sajini aliviinamia vishikizo. "Fundi anaweza kukosea hivyo?"

"Skrubu moja, ndiyo, naweza kusahau. Lakini kung'oa skrubu nne na kugeuza vishikizo vinne?" Bathsheba alivionyesha kwa kidole. "Hilo si kosa, afande. Mtu alikaa chini akalifanya."

"Mtu anayejua baiskeli."

"Ndiyo."

"Kama wewe."

Bathsheba aliinua uso.

"Kama mimi," alisema.

Sajini Robi alichukua funguo za gari. "Twende Rodi. Kama raba ziliruka, ziko kule kwenye nyasi."

Walifika saa saba na robo. Kutoka juu ile kona ya pili ilionekana kama barabara imekatwa, na mbele yake ni anga na ziwa kwa mbali. Bathsheba alimwaza Wesley akivuta breki hapo na kusikia mikono haina kitu.

Walitafuta dakika arobaini, hatua kwa hatua, wakipanda. Mita mia moja hivi juu ya kona, Sajini aliinama akaokota kitu kwa karatasi.

"Hii si yake," alisema. "Hii ni ya njano. Orodha aliyoandika Wesley inasema nyeusi, na baiskeli yake, kwenye picha za klabu za Alhamisi, ina nyeusi."

"Ni yake. Nyeusi zilikwisha dukani. Issack alinipa za njano Ijumaa saa tisa."

"Nani mwingine alijua?"

"Mimi, Issack na Wesley. Hakuna mwi..."

Hakumaliza. Ule mkono ulirudi begani kwake, mzito, na safari hii aliisikia ile sauti ya upole neno kwa neno.

"Afande," alisema, "Ombui alizitaja. Jana saa nane alikuja bandani kwangu akasema raba za njano ni laini mno. Alisema ametoka Kehancha muda uleule, na kwamba alikuwa huko tangu Alhamisi."

"Labda aliambiwa na Issack."

"Issack mlimkamata saa nne."

Sajini Robi alikuwa tayari anafungua mlango wa gari. Bathsheba alimwona akibadilika rangi.

"Ombui yuko wapi sasa?" Bathsheba aliuliza.

"Hospitalini. Aliomba akae na kijana, mama yake apumzike. Mimi mwenyewe nilimruhusu."

Kutoka pale hadi hospitalini ni mwendo wa robo saa. Sajini alitumia dakika tisa, huku akipiga simu wodini, na simu ikiita bila kupokewa. Bathsheba alihesabu kona. Hakusali, alishindwa kupata maneno.

Mlangoni mwa wodi walimkuta mama yake Wesley na kikombe cha uji. "Kocha amenituma ninunue," alisema. "Amesema atamwangalia."

Sajini hakungoja amalize.

Kitanda cha Wesley kilikuwa cha mwisho, kimezungushiwa pazia. Ombui alikuwa ndani ya pazia, amesimama, ameinama. Mkononi alikuwa na mto. Alipowaona aliupigapiga kama anayeulainisha.

"Namwinua kichwa kidogo," alisema. "Anapumua kwa shida."

"Weka chini, mzee," alisema Sajini.

Aliuweka. Wesley alikuwa amelala macho yamefumba, uso umevimba, haonyeshi dalili ya kusikia.

"Nina maswali machache tu," Sajini alisema. "Ulirudi lini kutoka Kehancha?"

"Jana, kama saa saba mchana. Uliza mtu yeyote."

"Baiskeli ya Wesley uliiona mara ya mwisho lini?"

"Alhamisi asubuhi, kabla sijasafiri."

"Ilikuwa na raba za rangi gani?"

Ombui alicheka kidogo. "Nyeusi. Kwani nini?"

"Na jana ulimwambia huyu fundi kwamba za njano ni laini mno. Za njano zimefungwa Ijumaa jioni. Nani alikuambia?"

Kicheko kilikatika. "Mwenye duka."

"Mwenye duka alikuwa kwangu, na simu yake ninayo. Hakukupigia."

"Basi mwanachama mmoja. Sikumbuki yupi."

"Mtaje."

"Nimesema sikumbuki." Aliupitisha ulimi kwenye midomo. "Ni Wesley. Ndiyo, Wesley mwenyewe aliniambia. Alinipigia Ijumaa."

"Sikukupigia, kocha."

Sauti ilitoka kitandani, nyembamba, imekauka. Mama yake aliangusha kikombe. Wesley alikuwa amefungua jicho moja, lile lisilovimba, na jicho hilo lilimwangalia Ombui bila kupepesa.

"Nimeamka tangu alfajiri," alisema. "Nilisikia sauti yako, nikaogopa, nikafumba macho. Nimelala hivi siku nzima nikikusikiliza unapumua."

Sajini alisogea, akasimama kati ya kitanda na Ombui.

"Hatujaongea tangu Jumatano jioni," Wesley aliendelea. Maneno yalitoka moja moja. "Tangu nilipokuambia nitaenda Sori nikamwambie Rispa ni nani aliyemgonga baba yake."

Sajini Robi alitoa daftari taratibu. Kila askari wa Migori alilijua jalada hilo: Mzee Arasa, baba yake Rispa, aliyegongwa na gari barabara ya Sori miezi minne iliyopita, na gari halikupatikana.

"Tulikuwa mazoezini," Wesley alisema. "Mimi mbele, kocha nyuma yangu na pikapu. Alikuwa anaangalia simu, ananipimia kasi. Nilisikia kishindo. Akanipita, akaniambia endelea, usisimame. Nikaendelea."

Ombui alikaa kwenye stuli kama mtu aliyechoka ghafla. Aliitazama mikono yake.

"Miaka tisa," alisema. "Miaka tisa nimejenga hiyo klabu. Vijana walikuwa wanaiba kuku, leo wanaendesha mpaka Eldoret na magazeti yanawaandika. Nikifungwa, inakufa. Kwa ajili ya mzee aliyeingia barabarani bila kuangalia?" Aliinua macho kwa Wesley. "Nilikubembeleza. Nilipiga magoti, Wesley. Ukakataa."

"Na Ijumaa?" aliuliza Sajini.

"Nilipanda boda kutoka Kehancha saa kumi na moja. Saa mbili kasoro nilikuwa nimesharudi huko, nikala na wenyeji wangu. Ilichukua dakika kumi. Fundi wetu anafunga vitu vizuri sana, skrubu zilikuwa ngumu."

Alilisema hilo akimwangalia Bathsheba, kama anayempa sifa. Bathsheba aligeuka akatoka nje.

Issack aliachiliwa jioni hiyo. Mwendesha boda wa Kehancha alipatikana Jumatatu, akamtambua Ombui kwenye safu ya watu wanane. Wateja wa Bathsheba walirudi mmoja mmoja. Aliwapokea, ila kila baiskeli iliyotoka bandani aliikagua mara mbili, na bado wakati mwingine aliamka alfajiri akisikia gurudumu linazunguka.

Wiki ya tano Wesley alimwomba amsindikize Sori. Alitembelea magongo. Sajini alikuwa ameshaandika maelezo yake kama shahidi, na ameshamwambia wazi kwamba mahakama itamuuliza kwa nini alinyamaza miezi minne.

Rispa alikuwa ufukweni, anatandaza omena, dagaa wa ziwani, kwenye wavu wakauke juani. Alikuwa ameshaambiwa na polisi. Hakuacha kazi walipomfikia, wala hakuwasalimu.

"Nilikuwa mbele," Wesley alisema. "Nilisikia. Nikageuka, nikamwona."

Mikono ya Rispa ilisimama. "Alikuwa hai?"

Bathsheba alitamani Wesley aseme hapana. Alimwona akitamani hivyo pia.

"Alikuwa hai," Wesley alisema. "Aliinua mkono. Nikaangalia mbele nikakanyaga pedali."

Mawimbi madogo yalipiga mitumbwi. Rispa alivuta beseni pembeni, akapangusa mahali kwenye gogo kwa kiganja.

"Kaa chini," alisema. "Nisimulie tangu mwanzo. Usiruke kitu."