Nyayo Zilizofika Iringa

Soko la Mwanjelwa pale Mbeya humchosha hata mtu aliyeamka vizuri, na Lea hakuwa ameamka vizuri. Alikuwa ametoka Iringa na basi la alfajiri, buti zake zimejaa matope, blauzi yake ya kitenge imeloa jasho mgongoni, na betri aliyokuwa akiitafuta hakuipata. Aliporudi nyuma kupisha mkokoteni wa viazi, alimkanyaga muuza betri mwenyewe.

"Dada, ungesema tu kwamba unataka huduma," alisema Eliezeri, akiushika mguu. Alikuwa mrefu, shati jeupe lililonyooshwa pasi kama la mzee wa kanisa.

"Samahani, kaka. Nataka betri ya sola. Ni ya mashine ya kupima matetemeko ya ardhi."

"Kumbe mnaweza kutabiri?"

"Hatutabiri. Likishapita tunasoma mawimbi yake, halafu tunalinganisha picha za setilaiti, za kabla na za baada. Ndipo tunajua ardhi ilianza kupasuka wapi, na ufa ukakimbilia wapi."

"Yaani mnafika watu wameshazika."

Lea alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Haukupita muda, mashine moja ikafukiwa nyuma ya nyumba ya Eliezeri huko Uyole, alikoishi na mama yake, Mama Yusta. Kila asubuhi Eliezeri alikwenda kuipangusa vumbi paneli yake ya sola, kisha akapiga simu Iringa na kumsalimia Lea kwa Kihehe.

"Kamwene, mrembo!"

"Kamwene, Mnyakyusa wangu. Umelalaje?"

"Nimelala nikikuota."

"Muongo wewe! Jana pia ulisema hivyo hivyo."

Waliendelea hivyo karibu miaka miwili, mmoja Mlandege kule Iringa, mwingine Uyole. Mapenzi ya simu, tuseme ukweli, yanachosha kuliko kulima.

Tetemeko likaja Jumapili mchana, watu wametoka kanisani. Ukuta wa chumba cha nyuma kwa kina Eliezeri ukaanguka. Simu ikaita, ni Lea.

"Ely, mashine haijaangukiwa na kitu? Usiiguse hata kidogo, tafadhali."

"Hicho ndicho unachoniuliza?"

"Mpenzi, leo data zake ni muhimu sana, nitakupigia baada ya..."

Eliezeri akakata. Alipopigiwa tena hakupokea, siku hiyo wala zilizofuata. Lea akabaki Iringa, kwenye chuo alichofanyia kazi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akingoja setilaiti ipite tena. Picha zilipofika aliuona ufa wote, ulipoanzia na ulipoishia, na haukumpa raha yoyote. Alikuwa anampoteza mwanamume anayempenda na hakujua ameanza kumpoteza wapi. Akapanda basi.

Alimkuta akiokota matofali yaliyosalimika.

"Umekuja kuangalia mashine," Eliezeri alisema bila kugeuka.

"Nimekuja kwako. Ely, nilijua uko hai kabla sijapiga simu. Ile mashine inasikia hata mtu akitembea karibu. Kila asubuhi ukija kupangusa paneli, nakuona kwenye kompyuta. Siku ile, vumbi hata halijatua, nikaona nyayo zako. Nililia kwa furaha mbele ya wenzangu."

Eliezeri akaweka tofali chini. "Mbona hukuniambia siku zote hizo?"

"Niliona haya. Ungesema nakuchunguza."

"Haya, hizo nyayo zilikuwaje?"

"Nzito kuliko siku zote. Nikajua ni hofu."

"Nilikuwa nimembeba mama. Ukuta ulimwangukia mguuni."

Lea akaugeukia mlango wa nyumba. Miaka yote ile ya kusoma ardhi, na hakuwa ameuliza swali hata moja juu ya yule mama.

"Mimi sikutaka unione, Lea," Eliezeri alisema, na sauti yake haikuwa na hasira tena, ilikuwa imechoka tu. "Nilitaka uniulize. Hata kama unajua, niulize."

Lea aliingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda. Mguu wa Mama Yusta ulikuwa umefungwa hogo la plasta hadi gotini.

"Shikamoo, mama. Pole sana. Nimechelewa kukuuliza hali."

"Marahaba, mwanangu. Uliza tu, maana maumivu yapo ya kututosha wote." Mama akashusha sauti. "Na huyu mwenzako ananiogesha kama anaosha Fuso."

Lea alicheka huku machozi yakimtoka. Akachemsha maji, akamwogesha mama taratibu, akampaka mafuta, akamsikiliza mpaka mama mwenyewe akapitiwa na usingizi. Simu kutoka chuoni iliita mara kadhaa, na hakuipokea.

Alipotoka nje, Eliezeri alikuwa ameketi juu ya matofali, mikono imetapakaa vumbi.

"Umechoka?"

"Sana, Lea. Sikufichi."

"Hata mimi."

Eliezeri akajipangusa vumbi mikononi. "Basi tuoane, tuchokee nyumba moja."

Lea akaketi kando yake, sketi yake nzuri na vumbi lote lile, akauegemeza mgongo wake kwenye bega la Eliezeri.

"Nyumba yenyewe haina ukuta," alisema. "Lakini sawa. Nimekubali."