Saa Saba ya Anjela

"Ulimwambia saa saba kwa mdomo wako mwenyewe, sasa unakana," alisema Mwanamkasi, akalitua debe la maji kando ya tuta la mchicha.

"Nilimpa karatasi," akajibu Hatibu. "Mdomo wangu siku ile ulikuwa na muhogo. Nilimkabidhi dereva karatasi, nikaenda zangu."

"Basi muhogo ndio uliosema saa saba."

Wanafunzi waliokuwa wakimwagilia bustani ya shule wakacheka. Anjela peke yake hakucheka. Aliinama akang'oa majani, na mengine yalikuwa mchicha mzuri tu.

Jumamosi darasa la sita lilikuwa liende Jasini, karibu na Horohoro, kuona mahali palipopiganwa vita vya mpakani kati ya Wajerumani na Waingereza mwaka 1915, miaka arobaini kabla ya safari hiyo. Kwa lori ulikuwa mwendo wa asubuhi nzima. Lakini mchana huo, kabla ya kazi ya bustani, dereva, Bwana Rafaeli, alipita shuleni akasema, "Basi Jumamosi, saa saba mchana, kama mlivyoniagiza." Mwalimu Kristofa alishtuka. Waondoke saa saba, wafike lini, warudi lini? Akamwomba dereva aje saa moja asubuhi, naye akakubali. Kisha Mwalimu akaligeukia darasa. "Aliyevuruga ujumbe wangu atabaki Jumamosi kumwagilia mchicha." Kwa kuwa aliyetumwa kwa dereva ni Hatibu, Mwalimu akadhani aliongeza maneno yake kwa mdomo, na jina lake likakatwa katika orodha ya safari.

Wenzao walipokwenda kisimani kuteka maji mengine, Hatibu alimsogelea Anjela. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Dereva aliisoma akanirudishia," alisema. "Itazame."

Anjela hakuhitaji kuitazama sana. Yeye ndiye aliyechaguliwa kuandika barua ile kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Mwalimu alimpa mpango wa safari ulioandikwa kwa Kiingereza, na mbele ya neno la kuondoka palikuwa na tarakimu ya saba. Saba ya Wazungu ndiyo saa moja yetu ya asubuhi, kila mtoto wa shule anajua. Anjela naye alijua. Siku ile tu alikuwa akishughulika kuzipamba herufi, akaandika "saa saba" kwa wino wa buluu, akapiga mstari chini yake.

"Kwa nini hukumwonyesha Mwalimu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Hatibu akainua mabega. "Babu yako yuko kule Jasini. Wangu yuko Kigombe, na jana tu alinipiga kofi. Mimi naweza kumwona siku yoyote."

Anjela akapapasa mfuko wake. Mfukoni mwake mlikuwa na leso mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Mama yake alimpa tangu Jumapili. Babu Fanueli alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Wajerumani wakati mama akiwa bado anabebwa mgongoni, na hakurudi. Habari pekee iliyofika nyumbani ni kwamba alionekana mara ya mwisho Jasini. "Jina lake pengine hutaliona popote," mama alimwambia. "Wapagazi wengi hawakuandikwa. Niletee konzi moja ya udongo ndani ya leso hii, itanitosha."

Akisema kweli, nani ataleta udongo ule? Akinyamaza, atauchota kwa mkono gani?

"Nipe karatasi," alimwambia Hatibu. "Na ahsante. Ahsante sana. Lakini nipe."

Akaenda moja kwa moja hadi mlango wa ofisi, mikono ikiwa bado na tope.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona hujanawa mikono?"

"Hatibu hakuvuruga kitu. Saa saba niliiandika mimi." Akaweka karatasi mezani, na juu yake akaweka leso. "Nitabaki mimi. Naomba tu Hatibu amchukulie mama udongo."

Mwalimu Kristofa aliisoma barua polepole. Kisha akauliza, "Hii ilitoka darasani kwangu lini?"

"Jumatatu, Mwalimu."

"Na mimi niliisoma kabla haijatoka?"

Anjela akajifutia tope kwenye sketi.

"Sikuisoma. Nilitazama mwandiko, nikasema mzuri, nikamwita Hatibu." Akairudisha leso mkononi mwa Anjela, akamwita Hatibu, ambaye alikuwa amesimama nje akijifanya anafunga kamba ya kaptula.

"Kuandika saa vibaya ni kosa dogo, Anjela, kalamu hulifuta," alisema. "Kumwachia mwenzako lawama ndilo kosa ambalo kalamu hailifuti, nawe umeliacha mlangoni ulipoingia kusema kweli. Hatibu, ahsante kwa moyo wako. Ila siku nyingine, rafiki akikosea, mwambie mapema. Usimbebee kama mpagazi. Na mimi nilikimbilia kukuhukumu kabla sijauliza. Unisamehe."

Hatibu akatazama chini. "Yamekwisha, Mwalimu."

"Hayajakwisha. Nilisema aliyevuruga atamwagilia mchicha. Jumamosi sote tuna safari, kwa hiyo adhabu ni leo."

Akachukua orodha, akaliandika upya jina la Hatibu. Kisha akavua viatu, akakunja suruali hadi magotini, akatoka nje. Wanafunzi waliokuwa wakirudi kutoka kisimani wakasimama vinywa wazi walipomwona Mwalimu wao akimpokea Mwanamkasi debe la maji.

"Anjela, shika upande wa pili," alisema. "Tunaanza na tuta lile ulilong'oa mchicha."