Blanketi la Yudith

Evarista alikuwa na sifa moja ambayo sisi majirani zake wa Ipogolo hatukuwahi kumnyang'anya: alijua kufunga mizigo. Mume wake Anord, fundi wa malori pale barabara kuu, alizoea kumtania kwamba mkewe anaweza kuingiza nyumba nzima kwenye kiroba na bado akabakiza nafasi ya chupa ya chai. Kila likizo familia hii ilipanda Mufindi kupumzika kwa shangazi yake Evarista, bibi mmoja mkavu anayeitwa Bertha, na kila mara Evarista alitandika nguo kitandani kwa mafungu. Kama ni Desemba, makoti ya mvua na mabuti. Kama ni Juni, masweta, soksi za sufu na kofia za kufunika masikio, maana kule Juni ni mwezi wa jalidi, ule umande unaoganda mpaka nyasi zinavunjika ukizikanyaga. Hakuwa mtu wa kukosea msimu. Alikosea mara moja tu, na haya ninayoyaeleza mengi alinisimulia mwenyewe. Machache niliyaona.

Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka juzi. Mdogo wake, Yudith, aliugua homa huko Madibira alikokuwa akilima mpunga. Siku nne Evarista alimuuguza kwenye chumba cha bati kisicho na dari, joto la bondeni limewakaba koo, na siku zote nne mgonjwa alikuwa na neno moja tu: "Dada, nitolee shuka, naungua." Alikufa anaungua. Ndugu walipomwambia Evarista afunge nguo za marehemu za kwenda nazo nyumbani Mufindi, mikono ilichagua yenyewe. Akachukua gauni jepesi kuliko yote, la maua ya njano, na khanga moja. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na mtu asije akasema vinginevyo.

Kumbe ukoo wao una utaratibu wake. Marehemu hazikwi na nguo za siku aliyofia. Anafungiwa za mwaka mzima: ya jua, ya mvua, na blanketi la kipupwe, vyote vinalazwa pamoja naye. Evarista alikuwa ameyasikia hayo tangu utotoni, ila miaka kumi na mitano ya kuishi mjini ilimfanya ayaone maneno ya wazee tu. Siku ya mazishi shangazi Bertha alifungua mfuko, akaupekua, akaupekua tena.

"Mbona gauni peke yake? Blanketi liko wapi?"

"Shangazi, Yudith kafa anaungua."

"Saa hizi anaungua. Juni je?"

Mchungaji alikuwa amesimama na kitabu chake, wingu limeshuka mpaka kwenye mashamba ya chai, watu wanatazamana. Evarista akanong'ona kwamba blanketi ataleta siku nyingine. Jeneza likafungwa, mvua ikawanyea njia nzima ya kurudi, wakala, wakatawanyika. Ile siku nyingine haikufika. Kila mwezi palitokea jambo la kuisogeza mbele, na yeye, kusema kweli, hakuwa na haraka.

Juni ikaingia, shule zikafungwa. Evarista akatandika mafungu yake kitandani kama kawaida, mchana kweupe, dirisha wazi, malori yanapiga honi mlimani. Fungu la Frida, binti yao wa miaka sita, lilikuwa na masweta matatu, soksi jozi nne, kofia na koti. Akayapanga kwenye begi, akavuta zipu, akaenda jikoni kutazama maharage. Aliporudi kuongeza mafuta ya kupaka, masweta yalikuwa mawili.

Akatafuta chini ya kitanda. Akatafuta kwenye tenga la nguo chafu na kwenye kamba ya nje. La kijani halikuwepo. Akacheka peke yake kwamba uzee unabisha hodi kabla ya wakati, akafunga begi upya. Asubuhi yake soksi zilikuwa zimebaki jozi mbili, na kofia haipo. Hapo akamwita mtoto.

"Frida, nguo zako unazipeleka wapi?"

"Nimempa mama mdogo."

"Mama mdogo yupi?"

"Yudith." Mtoto alilitaja jina hilo kwa sauti ya chini, kama anaogopa kumwamsha mtu. "Anatetemeka, mama. Kavaa gauni tu, la maua ya njano."

Chumba kilikuwa na joto, lakini Evarista alisikia jasho likimkauka mgongoni. Frida hakuwa ameliona gauni lile kwenye mwili wa marehemu. Siku ya mazishi hakwenda Mufindi. Walimwacha Ipogolo kwa jirani, yaani kwangu.

Ningekuwa mimi, ningeahirisha safari. Lakini Anord alikuwa ameshaomba ruhusa kazini, na Evarista alijipa moyo kwamba watoto wanadaka maneno ya wakubwa, huenda Frida alisikia habari za gauni siku moja watu wanazungumza. Hata hivyo alikwenda sokoni akanunua blanketi jipya, zito, la bluu. Mumewe alipouliza la nini, akamjibu ni la kuongezea kitandani. Aliona aibu kusema ukweli.

Walifika Mufindi alasiri, ukungu umelala juu ya mashamba ya chai.

"Kamwene, wanangu," shangazi Bertha akawapokea mlangoni. Akamshika Frida mkono wa salamu, kisha hakuuachia. Alikaa nao muda mrefu, akimtazama mtoto usoni, halafu akamtuma Anord kuni nyingine, ingawa kuni zilikuwepo.

Kulipokucha paa la jiko lilikuwa jeupe kwa jalidi. Frida alikuwa amekaa karibu na moto, kikombe cha chai mkononi, hanywi.

"Umelalaje, mama?" Evarista akamuuliza.

"Vibaya. Mama mdogo kalala katikati yetu. Miguu yake ina baridi sana, ananiwekea kwangu."

Evarista akamvua soksi. Vidole vya mtoto vilikuwa vimepauka, rangi ya majivu. Alipovishika, baridi yake ilimuuma viganjani.

Anord akambeba mbio mpaka zahanati. Muuguzi akampima joto, akakitazama kipimo, akakifuta, akampima tena. Akaleta kingine. Thelathini na tatu. Akasema kwa upole kwamba mtoto wa joto hilo huwa haketi akaongea hivi, na kwamba apelekwe hospitali ya wilaya mara moja. Gari pekee la kijiji lilikuwa limepeleka mbao. Anord akakwea pikipiki ya mtu kwenda kutafuta jingine, na wanawake wakarudi na mtoto kwenye moto wa shangazi, maana hapakuwa na pengine penye joto.

Wakakaa watatu kuzunguka mafiga. Mlango ulikuwa wazi kutoa moshi, na baridi ya nje ikiingia moja kwa moja. Shangazi akisema neno, mvuke unamtoka mdomoni. Evarista akihema, mvuke unamtoka. Frida alikuwa akihesabu vidole vyake.

"Moja."

Hakuna mvuke.

"Mbili."

Hakuna.

"Tatu."

Evarista akasogeza shavu lake mpaka mdomoni kwa mwanawe. Pumzi ilikuwepo. Ilikuwa ya baridi, sawa na upepo uliokuwa unaingia mlangoni. Aliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yake, na hakuona haya kuniambia hivyo.

"Shangazi," akanong'ona.

"Nimeona. Tangu jana nilivyomshika mkono. Blanketi umeleta?"

"Nimeleta."

"Mfunge mgongoni, twende."

Wakapita katikati ya misonobari, Evarista na mtoto mgongoni, shangazi mbele na blanketi kichwani. Mgongo wa Evarista ukaanza kufa ganzi. Njiani shangazi alisema mara moja tu, bila kugeuka.

"Ukifika, mtaje jina. Sema, blanketi lako hili. Basi. Usimwombe. Usimwahidi kitu. Ukimwahidi, atakungoja."

Jua lilikuwa limeshapanda na jalidi imeyeyuka kila mahali. Majani yalikuwa yanadondosha maji. Juu ya kaburi la Yudith palikuwa bado peupe, weupe uliofuata kingo za kaburi na kuishia hapo. Katikati ya weupe huo kitu cha kijani kilikuwa kimechomoza udongoni. Evarista akainama.

Lilikuwa sweta la Frida. Shingo na bega moja tu ndivyo vilivyoonekana, sehemu nyingine ilikuwa chini. Mishono ya begani ilikuwa imefumuka, na shingo imetanuka. Mtu mzima alikuwa amejaribu kulivaa.

"Usilivute," shangazi akasema.

Evarista akatandaza blanketi. Akalinyoosha mpaka pembe zote nne zikakaa vizuri, kama alivyokuwa akimtandikia Yudith walipokuwa watoto.

"Yudith," akasema. "Blanketi lako hili."

Angenyamaza hapo. Alitakiwa kunyamaza hapo. Lakini wakati ule ule kichwa cha Frida kilianguka begani kwake, kizito, na hesabu ya vidole aliyokuwa akiinong'ona njia nzima ikakatika. Evarista akasahau kila alichoambiwa.

"Mdogo wangu, mwache mtoto! Nakuomba. Nitakuja mimi. Nitakuja nilale na wewe."

Shangazi alimziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amechelewa.

Ndege hawakusikika. Kisha Evarista akasikia pumzi ya moto shingoni mwake, na sauti ya mtoto anayeamka usingizini.

"Mama, nina njaa."

Evarista akapiga magoti akalia kwa sauti. Anord alipofika na gari la watu alimkuta Frida anakula viazi vya kuchoma, masizi mpaka puani. Zahanati ilisema thelathini na saba kamili, muuguzi akabaki anavilaumu vipimo vyake. Anord alifurahi, akapiga simu mpaka kwangu kunieleza. Shangazi Bertha peke yake hakucheka. Siku ya kuondoka alimsogeza Evarista pembeni, akamshika ukosi wa koti kama anayemfunga vifungo.

"Desemba usije."

"Nitakuja lini, shangazi?"

"Usije."

Evarista akatii. Miezi ikapita, na mtoto akanenepa, akang'oka meno mawili, akaanza kusoma vibao vya mabasi kwa sauti mpaka tukachoka naye. Ilipofika Desemba Anord aliuliza habari za Krismasi, mkewe akamjibu kwamba mwaka huu wanakula pilau yao hapa hapa Ipogolo. Hakutandika fungu hata moja. Makoti ya mvua yalibaki kwenye misumari yake.

Jumamosi moja kabla ya sikukuu, saa nane mchana, joto la kupasua mawe, Evarista alinipitia tukaenda wote sokoni. Nilimsaidia kubeba mchele mpaka ndani kwake. Ndiyo maana na mimi nililiona.

Begi lao kubwa lilikuwa limesimama kando ya kitanda, limefungwa zipu.

"Anord," Evarista akaita, "nani kashusha begi?"

Anord akaja kutoka uani, akajaribu kulinyanyua kwa mkono mmoja, likamshinda, akacheka. "We mama, unahama? Si ulisema hatusafiri?"

Evarista akavuta zipu. Juu lilikuwepo gauni lake la kitenge chepesi. Chini ya gauni, koti lake la mvua na mabuti. Chini ya hapo masweta yake mawili, soksi za sufu, na kofia. Chini kabisa, blanketi la kitandani kwao. Vyote vilikuwa vimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, na hapakuwa na nguo ya Anord wala ya Frida. Uso wa Evarista ulibadilika mbele yangu. Alikuwa mfungaji wa mizigo, na alijua kwamba mtu anayekwenda mahali na kurudi hafungi hivi.

Frida alikuwa amesimama mlangoni, anakula embe.

"Mwanangu," Evarista akamuuliza kwa kunong'ona, "nani kafunga hili begi?"

"Mama mdogo. Mimi nilikuwa namshikia tu." Akalamba kidole. "Anauliza mbona unachelewa."

Anord akaacha kucheka. Evarista akalisogeza begi kando kwa mguu, kwa hasira, akakanyaga mahali lilipokuwa limesimama. Sakafu ikalia chini ya unyayo wake, mlio mwembamba, kama wa nyasi za asubuhi kule juu. Tukatazama chini sote watatu. Palikuwa na jalidi kwenye saruji, hapa Ipogolo, mwezi wa kumi na mbili. Ilikuwa na umbo la nyayo za mtu mzima, asiye na viatu. Zilitoka mlangoni, zikapita kwenye begi, zikaenda mpaka kitandani, upande anaolala Evarista. Nilizitafuta za kutoka. Hazikuwepo.